Kiti cha Kulia Kisicho na Usukani

Somo la kwanza nililopewa Guangzhou lilihusu jeki. Maman Odette alinionyesha Landkruza iliyokuwa imeinuliwa uani kwake, akaniuliza kama naiona jeki. Nikasema naiona. Akaniuliza kama naiamini. Nikajibu kwamba inaonekana imara. Akaipiga teke, ikaruka pembeni, nami nikaruka nayo. Gari halikuanguka, kwa sababu chasisi ilikuwa imekaa juu ya stendi mbili za chuma ambazo mimi, mwenye shahada ya historia, sikuwa nimeziona. Tangu siku hiyo sijaamini tena jeki, na kwa kiasi fulani sijaamini tena shahada.

Mliponiaga mwezi uliopita nilipostaafu, mlinipa saa ya ukutani na kunitaka niandike kidogo kuhusu kazi ilivyokuwa kabla ninyi hamjaja. Vyeo nitaviruka. Nilipanda mara mbili, na kila mara meza yangu ilisogezwa karibu zaidi na choo. Nitaandika kuhusu springi, kwa sababu ndizo zilizonilisha, na kuhusu Jumapili chache ambazo bado nazikumbuka kuliko safari zote nilizopandia ndege pale uwanja wa Baiyun.

Nilifika Guangzhou katika ile miaka ya mwanzo ya elfu mbili, wakati mtaa wa Dengfeng ulipokuwa umeanza kujaa watu wetu kiasi kwamba ungeweza kushinda kutwa nzima bila kusikia Kichina, ila unapouliza bei. Kila mtu alikuwa ananunua kitu. Wengine walikwenda Xintang kuagiza jinzi kwa kontena, wengine simu, wengine vigae. Mimi nilikuwa nimeacha kufundisha sekondari Morogoro nikiwa na ndoto ya kuuza vitabu vya shule. Nilidumu katika ndoto hiyo kwa wiki sita. Ndipo Mzanzibari mmoja muuza simu aliponiambia kwamba kuna mama wa Kikongo anatafuta mtu wa kumwandikia barua za Kiingereza kwa wateja wa Tanzania, na kwamba mama huyo ni mkali lakini anapika.

Maman Odette alitoka Bukavu. Alikuwa amesoma kwa masista, akazungumza Kifaransa cha kanisani na Kiswahili cha kwao, na alikuwa mwanamke wa kwanza niliyemwona akijua kipimo cha nati kwa kuipapasa tu. Biashara yake ilikuwa vifaa vya kuinulia magari: springi ndefu, shokapu ndefu, bushi za raba na bolti zake, vyote vya kulipandisha gari juu ili lisiburuze tumbo kwenye njia mbaya. Wateja wake walikuwa zahanati na misheni za Kivu, kule ambako barabara ni jina tu. Springi za kawaida huko hazimalizi mwaka. Alihitaji nene zaidi, kwa idadi ndogo, na kiwanda kimoja tu katika mji wote kilikubali kumfanyia kazi hiyo ndogo yenye usumbufu mkubwa.

Kiwanda hicho kilikuwa cha Laoban Qiu. Laoban ni bosi, na kule kila mwenye duka, karakana au meza ya barabarani ni laoban. Huyu alikuwa mtu mwembamba, mkimya, mwenye alama za moto mikononi, na Kiswahili chake chote kilikuwa maneno mawili. Kila Maman Odette alipoingia karakanani alinyanyua macho na kuuliza, "Mama, ngapi?" Akishatajiwa seti ngapi, anarudi kwenye tanuru. Mazungumzo mengine yote yalifanywa kwa vidole, kikokotoo na chaki sakafuni.

Siku ya kwanza kazini nilikwenda na kalamu tatu mfukoni. Maman Odette alizitazama.

"Kalamu ni za nini, Monsieur le Licencié? Hapa tunaandikaka na spana."

Licencié kwao ni mtu mwenye shahada. Aliniita hivyo kwa miaka yote, na sikumbuki hata mara moja ikiwa sifa.

Sasa nieleze desturi ya nyumba ile, maana ninyi mnakagua mali kwa picha kwenye simu na hamuwezi kuamini. Maman Odette hakutuma springi ambayo hajaifunga nyumbani kwake. Alikuwa amepanga chini ya jengo la zamani lenye ua, na uani akaweka Landkruza mbovu isiyo na namba wala injini ya kutegemewa, aliyoinunua kama chuma chakavu. Kila kiwanda kilipotoa seti ya mfano, tuliibeba, tukaifunga uani siku ya Jumamosi. Jumapili, watu wakitoka kanisani, aliwaalika kula. Kulikuwa na fufu ya muhogo, sombe, ambayo kwetu ni kisamvu, samaki, na kuku niliyemchinja mwenyewe ili nami Mwislamu nile bila maswali. Lakini kabla ya mtu kugusa sahani, ilibidi apande garini. Watu saba, na magunia mawili ya mchele nyuma. Gari likishajaa, Maman Odette alipiga magoti na gauni lake la kanisani, akatoa futi ya fundi cherehani, akapima kutoka katikati ya rimu mpaka ukingo wa madigadi, magurudumu yote manne. Vipimo vikimridhisha, watu walishuka wakala. Visipomridhisha, walishuka wakala pia, lakini yeye hakukaa.

"Mutu mwenye ananunua springi, lazima aikalie," alikuwa akisema.

Kufunga kwenyewe nilijifunza taratibu na kwa vidole vilivyovimba. Unainua chasisi, unaiweka kwenye stendi, unatoa magurudumu, unashikilia ekseli kwa jeki ndogo. Unafungua shokapu chini, kisha unaishusha ekseli polepole mpaka springi inalegea na kutoka kwa mkono. Unapoishusha, jicho lisitoke kwenye paipu ya breki. Mimi lilinitoka, paipu ikavutika mpaka ikakatika, na mafuta ya breki yakaniingia mdomoni. Ni machungu. Springi mpya ukiiweka, ncha yake lazima ikae kwenye kikalio chake. Ukiiacha pembeni hata kwa upana wa kidole, itajizungusha yenyewe siku ya kwanza barabarani na mwenye gari atadhani anafuatwa na mtu mwenye nyundo. Na bolti za bushi zisikazwe gari likiwa hewani. Shusha gari likae kwa uzito wake, ndipo ukaze, la sivyo raba inabaki imejinyonga na haifiki msimu wa pili. Jambo hilo halikuwa kwenye karatasi yoyote. Lilikuwa kwenye kisigino cha Maman Odette, ambacho kilinigonga mguuni kila nilipolisahau.

Mwaka wangu wa tatu nilipata mteja wangu mwenyewe. Aliitwa Massawe, wa Arusha, mwenye magari kumi na mawili ya kupeleka watalii mbugani. Nilimwandikia barua ndefu kama tasnifu hadi akakubali kuacha watu aliokuwa akinunua kwao. Maman Odette alinipeleka kwa Laoban Qiu, akanishika bega, akaeleza kwa vidole kwamba neno langu ni neno lake. Laoban Qiu akaniuliza mimi badala ya Maman Odette, "Ngapi?" Niliona nimekuwa mtu.

Seti ya mfano tukaifunga uani kama kawaida. Kwa kuwa oda ilikuwa yangu, nilikaa mimi kwenye kiti cha dereva, na Maman Odette akapima. Upande wangu ulikuwa umekwenda chini kidogo kuliko wa pili. Kilo zangu za wakati ule sitazitaja. Niseme tu kwamba chakula cha Jumapili kilikuwa kizuri. Yeye alisema si kitu, gari lolote hulalia kidogo upande wa dereva na halimdhuru mtu. Lakini mimi nilikuwa msomi na niliona nafasi ya uvumbuzi. Jumatatu nilikwenda peke yangu kwa Laoban Qiu, nikachora sakafuni, nikamwomba springi ya mbele kushoto iwe ndefu kidogo kuliko ya kulia, na aipake rangi ya buluu ili fundi wa Arusha asichanganye. Alitazama mchoro, akanitazama, akaufuta kwa kiatu, akanipa chaki tena. Nikauchora vilevile. Akafanya.

Jumapili iliyofuata nilikaa kwenye kiti cha dereva na gari likasimama sawa kabisa, kama limewekwa kwenye maji. Nilikula sahani mbili. Kontena likaondoka.

Malalamiko yalikuja baada ya miezi miwili. Massawe alipiga simu, sauti yake imepoa kwa hasira. Alisema magari matatu ya kwanza yameshafungwa na yote yanalala upande kama mtu mwenye jino bovu, na watalii wanauliza kama ni salama. Akatuma picha. Nilikaa kwenye duka la intaneti Dengfeng nikiitazama ikishuka mstari kwa mstari: Landkruza ya kijani imepigwa kwa nyuma, na imeinamia kulia, wazi kabisa.

Kwa wasiojua miaka ile, hofu yetu kuu ilikuwa moja. Mfano unakuwa mzuri, mali yenyewe inakuwa takataka. Kila mtu Dengfeng alikuwa na hadithi yake ya viatu vilivyobanduka na feni zilizozunguka kwa saa moja. Nami nilikuwa na ushahidi: gari la uani lilisimama sawa, la Arusha limelala. Kwa hiyo chuma kilibadilishwa katikati. Sikumwambia Maman Odette. Nilichapisha picha, nikapanda basi hadi karakanani, na mbele ya wafanyakazi wote nikaibandika juu ya meza ya Laoban Qiu. Nilitumia maneno machache ya Kichina niliyoyajua, na kwa bahati mbaya yalitosha. Nilimwita mwongo. Nilimwambia kwamba ametuuzia chuma kibovu.

Hakupandisha sauti. Alitazama picha, akanirudishia, akarudi kwenye tanuru. Kesho yake mfanyakazi wake mmoja alikuja mpaka uani kwetu, akasimama mlangoni bila kuingia, akasema neno ambalo kila mfanyabiashara alilijua kabla hajajua kusalimia: meiyou. Hakuna. Kwa nyumba hii hakuna springi tena.

Maman Odette alikuwa na oda ya seti ishirini za zahanati za Kivu, na mvua za kule zilikuwa zinakaribia. Magari hayo ndiyo yaliyobeba wajawazito na masanduku ya chanjo. Kiwanda kingine hakikuwepo. Vikubwa vilitaka oda ya mamia, vidogo havikuweza unene ule. Alinisikiliza nikieleza nilichofanya. Sikutukanwa. Angenitukana ningepata nafuu. Alikaa kwenye kigoda akachambua majani ya sombe mpaka yakaisha, kisha akanyoosha mkono.

"Lete ile foto."

Nikampa. Alivaa miwani, akaisogeza picha mbali, akaisogeza karibu.

"Na huyu mwenye kuweka mukono inje ku dirisha, ni nani?"

Sikuwa nimemwona. Kwenye kona ya picha, upande wa kulia wa gari, kulikuwa na mkono wa mtu umeegemea dirisha, na saa inang'aa juani.

"Ni dereva," nilisema. Na nikajisikia nikisema.

Hakunisaidia. Aliniacha nigeuke mwenyewe niitazame Landkruza ya uani, ambayo usukani wake uko kushoto kama magari yote ya China, na kama magari ya kwao Kongo alikokuwa akipeleka springi bila tatizo tangu aanze. Nilikuwa nimezaliwa katika nchi ambayo dereva anakaa kulia. Nimepanda magari ya nchi hiyo maisha yangu yote. Kisha nikakaa Guangzhou miaka mitatu, nikajipima mimi na tumbo langu kwenye kiti cha kushoto, na nikawapelekea Watanzania springi za kuinua upande ambao hauna mtu.

"Historia," alisema Maman Odette, akanirudishia picha. "Ulisomaka historia. Si jeografia."

Massawe alikuwa rahisi. Fundi wake alihamisha springi ya buluu kulia, magari yakanyooka, na yeye akanisamehe kwa masharti ya kuniita Bwana Kushoto kila aliponipigia simu, hadi alipostaafu kabla yangu. Kilichobaki kilikuwa Laoban Qiu.

Nilikaa siku mbili nikijifunza sentensi moja, wo cuo le, nimekosea. Nilikwenda saa ambayo wafanyakazi wote wapo, kwa sababu wote walikuwepo siku ya matusi. Nilipoisema, kelele ya mashine ya kupinda vyuma iliimeza. Laoban Qiu akaenda akaizima. Sikuwahi kuiona mashine ile ikizimwa mchana. Akasimama, akanisubiri. Nikaisema tena mbele ya watu kumi na mmoja, kisha nikachukua chaki, nikachora gari sakafuni, na ndani yake mtu mnene upande wa kulia, nikajionyesha kifuani kwa kidole. Alitazama mchoro. Safari hii hakuufuta. Akaiwasha mashine, nami nikaondoka bila jibu.

Jumapili ile watu walikuja kula kama kawaida, ila hapakuwa na springi ya kukaliwa. Fufu ilikuwa mezani kigari cha mizigo kiliposimama mlangoni. Laoban Qiu alishuka amevaa shati lililopigwa pasi. Kwa miaka yote Maman Odette alikuwa akimwalika naye akikataa kwa adabu. Nyuma ya kigari kulikuwa na springi nne, mpya, zisizo na rangi yoyote. Aliniashiria mimi, akaziashiria springi, akakaa kwenye kigoda akapokea sahani.

Nilizifunga peke yangu, na nguo zangu za Jumapili, mbele ya watu wanaokula. Kila nilipotazama nje kutoka chini ya gari niliona viatu vya Laoban Qiu. Aliinama mara moja tu, nilipotaka kukaza bolti za bushi gari likiwa bado juu; aligonga chasisi kwa kijiko. Maman Odette alicheka puani. Nikalishusha kwanza.

Ilipofika zamu ya uzito, watu walipanda, na mimi kwa mazoea nikaenda kiti cha kushoto. Laoban Qiu akatikisa kichwa. Alizunguka gari, akafungua mlango wa kulia, akaketi. Akanyoosha mikono yote miwili mbele, akashika usukani ambao haukuwepo. Akaugeuza huku, akaugeuza kule. Akapiga honi kwa mdomo. Kisha akanigeukia kwa uso wa mtu anayemwelekeza mgeni njia, akasema, "Feizhou." Afrika.

Watu walicheka mpaka gari likatikisika na Maman Odette akawafokea watulie, maana alikuwa amepiga magoti na futi yake kwenye gurudumu la kulia. Yeye peke yake hakucheka. Alipima kulia, akapima kushoto, akaandika kwa chaki kwenye tairi, akasimama akijipangusa magoti.

Laoban Qiu aliteremsha mikono kutoka kwenye usukani wake. Akamtazama.

"Mama," alisema, "ngapi?"

"Makumi mbili," alisema Maman Odette. Akamwonyesha kwa vidole, mara mbili mikono yote, ili pasiwe na kosa.

Springi za Kivu ziliondoka kabla ya mvua. Na tangu siku ile desturi ya nyumba iliongezewa kipengele: oda ikiwa ya Kongo, mtu mzito anakaa kushoto, ikiwa ya Tanzania au Kenya, anakaa kulia, ananyoosha mikono. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Maman Odette alisisitiza mikono inyooshwe, akisema inabadilisha uzito wa mwili. Sidhani. Nadhani alipenda kuniona. Niliendelea nayo hata baada ya yeye kurudi Bukavu na ua ule kubomolewa na ofisi yetu kuhamia ghorofani mnakokaa ninyi, ambako hakuna mahali pa kuinulia gari, wala mtu anayeuliza kama umeikalia springi unayoiuza. Aliniachia ile futi. Imefutika namba mpaka sentimita kumi, kwa hiyo anzeni kupima kutoka kumi, kisha mtoe. Nimeiacha kwenye droo ya pili, chini ya stempu.

Wiki iliyopita, nyumbani Morogoro, nilifunga springi kwenye Landkruza yangu mwenyewe, ya zamani, niliyoinunua kwa ajili ya barabara ya shambani. Ilinichukua siku mbili kwa kazi ya siku moja, na mke wangu alisimama karibu muda wote akiwa na simu mkononi, tayari kuita msaada. Stendi zilikuwepo. Paipu ya breki haikukatika. Nililishusha gari chini, nikakaza bushi, nikamwomba mke wangu akae kushoto ili nione kama linalala. Nikazunguka, nikaketi kulia, nikanyoosha mikono mbele kama nilivyozoea, nikakuta usukani.